Besi Anayoitafuta Fundi Zuleide

Saa tatu asubuhi, Zuleide Quintão amelaza kiganja juu ya spika na kufumba macho. Kwa mkono wa pili anapiga uzi mnene wa gitaa. Anasikiliza, anakunja uso, anapiga tena.

"Mkono unasema ipo," anasema. "Sikio linasema haipo. Sasa mimi nimwamini nani?"

Zuleide, 57, ni fundi wa pedali za gitaa mtaani Santa Tereza, Belo Horizonte. Wapiga muziki wa metali, ile roki nzito ya kelele, humletea vile visanduku vya kukanyaga vinavyoikwaruza sauti ya gitaa, na karibu wote wana ombi moja: viongezewe besi.

"Pedali nyingi huizuia sauti nzito mlangoni, kabla haijaanza kukwaruzwa," anaeleza. "Natoa kapasita ndogo, kile kipuri kinachochuja sauti, naweka kubwa. Mlango unapanuka, besi inapita."

Mwezi Machi alikuja Wanderlei Goulart, mteja wake wa siku nyingi. Mpiga besi wa bendi yake alikuwa amehamia Ureno, na onyesho la uwanjani limekaribia. Wanderlei alitaka gitaa lake lizibe pengo.

Zuleide akabadilisha kapasita. Alipojaribu, akasikia sauti nyembamba, kama nyigu ndani ya kopo. Akaweka kubwa zaidi. Nyigu yuleyule. Akalaumu kapasita, akalaumu waya, akafungua mpaka amplifaya. Mwishowe akaweka kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, akamkabidhi mwenyewe.

Kesho yake Wanderlei akarudi amefura.

"Dona Zuleide, umenifanyia nini? Hii si besi, ni ng'ombe anazama kwenye tope!"

"Besi gani? Haina hata tone! Nenda kazibue masikio, yamejaa hayo manywele yako."

"Masikio yangu? Haya, njoo hapa."

Akachomeka gitaa, akaushika mkono wa fundi na kuubandika kwenye spika, kisha akapiga. Bisibisi zikarukaruka mezani. Mtetemo ukampanda Zuleide hadi kwenye kiwiko. Masikioni, nyigu tu.

"Hasira zikamtoka palepale," anakumbuka. "Akaniuliza taratibu, 'Mama, kweli husikii?' Ndipo nikagundua hata sauti yake, dume zima lile, naisikia kama ya mtoto wa shule."

Jikoni, mumewe, Tarcísio, anacheka huku akitoa mikate ya jibini kwenye oveni. Kwa majuma kadhaa mkewe alikuwa ameshikilia kwamba mumewe ana mafua.

"Kila jioni asali na ndimu. Nikisema siumwi, ananijibu, 'Sauti imekukauka hivyo, unabisha nini?' Kumbe nakunywa dawa ya ugonjwa wa mwenzangu!"

Zuleide hacheki. Daktari amemwambia masikio yake yanapoteza sauti nzito, na kwamba huenda zikarudi, au zisirudi.

"Huenda, huenda," anasema. "Redio ikiharibika simwambii mtu huenda. Namwambia imeungua hapa. Mimi nimeungua wapi?"

Pedali waliitengeneza upya pamoja, Wanderlei akiwa ndiye sikio. "Punguza kidogo, mama. Hapo. Rudi nyuma. Hapo hapo!" Zuleide akalehemu bila kujua hapo ni wapi.

Siku ya onyesho alivua viatu, akasimama peku jirani na spika kubwa. Vijana waliruka hadi vumbi likafunika jukwaa. Yeye alilia, na mpaka leo hawezi kusema ilikuwa furaha au la.

"Miguu ilinijaa muziki," anasema. "Kichwa kilikuwa kitupu. Nilimwuliza Tarcísio kama ilikuwa nzito, akasema nzito sana. Nikamwuliza nzito vipi, akanishangaa."

Sasa anaunda pedali yake ya kwanza, kuanzia ubao mtupu. Ndani yake kuna kapasita kadhaa, na juu kuna kitasa ambacho mpigaji atakizungusha mwenyewe kuchagua ukubwa wa mlango. Anatarajia kuiuza kabla ya Krismasi.

"Sitamwamulia mtu besi yake tena," anasema.

Anamsogezea mwandishi kisanduku, anapiga uzi mnene na kumwashiria azungushe. Kitasa kinazunguka. Chumba kinajaa.

"Imebadilika?"

"Imebadilika."

"Sawa," anasema Zuleide, akiinamia midomo ya mwandishi asipitwe na neno. "Niambie, imekuwaje?"