Watoto Sita wa Stoo ya Madawati

Niliwakuta watoto sita wamefungiwa stoo ya madawati. Kosa lao lilikuwa meno.

Mimi ni msaidizi wa daktari wa meno. Kazi hii sikuisomea, nimejifunza kwa kutazama na kuuliza. Siku hiyo tulikwenda shuleni kupima ni mtoto gani anahitaji waya za kunyoosha meno. Daktari anapima kwa rula ndogo, anataja alama kuanzia moja, meno yaliyonyooka, hadi tano, yaliyopinda kabisa, mimi naandika. Mwenye nne au tano anatibiwa bure.

Mwalimu mkuu alitupokea akiwa na suti yake. Watoto wakaja mmoja mmoja, meno yamepangika kama punje za mahindi.

"Moja," daktari akasema. "Moja. Mbili. Moja."

Mwalimu mkuu mikono nyuma, anatabasamu kama kocha ambaye timu yake inaongoza.

Nikahesabu. Orodha ya darasa ina arobaini na wawili. Tumepima thelathini na sita.

"Mwalimu, wale sita wako wapi?"

"Wanaumwa."

"Wote sita?"

"Wewe si daktari. Andika alama."

Sikubishana. Nikaomba kwenda chooni, nikapita mlango kwa mlango mpaka nikasikia minong'ono. Komeo lilikuwa kwa nje.

Nilipofungua, wote wakaziba midomo kwa viganja, kama waliofundishwa.

"Mwalimu kasema tusiiaibishe shule," akasema binti mmoja, bila kutoa kiganja.

Nikawapeleka kwa daktari. Yule binti alimpima mara mbili. Meno ya juu yalitangulia ya chini kwa milimita kumi na moja, hata midomo haikutani.

"Tano."

"Mnaniharibia wastani," mwalimu mkuu akanung'unika. "Shule ya jirani watatupita."

Daktari akavua glavu taratibu. "Haya si mashindano, mwalimu. Ukiwa na moja moja tupu, hapa haturudi. Waya zinakwenda kwa jirani."



Fomu ya idhini inataka saini ya mzazi. Nikamwuliza binti mzazi wake nani, tumtumie.

Akamnyooshea kidole mwalimu mkuu.

"Baba ni huyo."

Nikamsogezea fomu, nikamshikisha kalamu. Akasaini bila kumtazama mwanawe.

Mimi huchelewa kumhukumu mtu. Huyu nilimdharau palepale, na hadi leo sijaona sababu ya kuacha.

Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wakubwa. Yeye aliumbuliwa na mtoto wa kumzaa, mchana kweupe.

Mzazi, ukimwonea haya mwanao, mwenye kasoro si yeye.