Mkuki Tuliouposa

Baba aliuza mkuki wa babu ili mimi niende sekondari. Angeuuza kwa ajili ya kijana wa kiume, ndugu zake wangenung'unika wiki moja wakanyamaza. Lakini kusomesha msichana! Tangu hapo, kila ukoo ulipokutana kwetu Magwagwa, yeye, kifungua mimba wa babu, alikaa nyuma karibu na mlango. Akijaribu kusema, baba mdogo alimkata kauli: "Aliyeuza mkuki wa mzee atatuambia nini?" Baba akafunga mdomo. Nilikua nikiuona mdomo ule ukifungwa, na hasira zangu, ambazo hata leo hazijapata dawa, zilianzia hapo.

Nilipopata kazi na hela kidogo, nikaanza kuwazungukia wauzaji wa vitu vya kale. Nimeona ngao, vigoda, gramafoni, hata gobore lililozibwa mtutu lisije likamdhuru mtu. Watu walidhani nina wazimu wa kukusanya silaha. Waache wadhani. Nilikuwa natafuta mpini mmoja uliovunjika ukaungwa kwa pete ya shaba, kama baba alivyonieleza.

Mwaka jana nikaukuta Kisii mjini, katika duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye familia yake imefanya biashara pale tangu enzi za babu yake. Ulining'inia ukutani, juu ya gobore jingine. Pete ya shaba ilikuwa palepale kwenye mpini. Lakini mnunuzi hodari haonyeshi hamu, kwa hiyo nikakunja uso.

"Hiki chuma chenye kutu unauza pesa ngapi?"

"Elfu arobaini."

"Kwa kutu? Chukua kumi."

Akarudia gazeti lake. Wiki iliyofuata nikaenda tena, nikautukana mpini, nikaitukana shaba, nikaongeza elfu mbili. Mara ya tatu akaniambia kuna tajiri wa Nairobi anakuja Jumamosi kuuchukua. Nikapandwa na mori, nikamwita mwizi. Akaniomba, kwa upole wa kuudhi, nikapozee hasira zangu nje.

Nilimwendea shangazi, dada yake baba, nikilia waziwazi. Huyu ndiye msemaji wetu tunapokwenda kuposa, na hajawahi kurudi mikono mitupu. Alinisikiliza huku akimenya ndizi.

"Sasa wewe," akasema, "ukienda kuomba msichana ya watu, unaambia baba yake msichana ni mbaya?"

"Shangazi, hii ni biashara."

"Ndiyo maana ulifukuzwa."

Ijumaa tukaingia dukani. Shangazi alikuwa amevaa nguo ya kanisani, nami nimebebeshwa mkungu wa ndizi na sukari, na kuamriwa nisiseme hata neno. Kwangu hiyo ni adhabu. Alimsalimu mzee, akamuuliza hali ya mama watoto, ya watoto, ya wajukuu. Kisha akakaa, hana haraka.

"Mzee, sisi hatukukuja kununua kitu. Tumekuja kuomba. Kuna mtu yetu iko hapa kwako. Umemtunza vizuri, hata anang'aa. Tunasema asante."

Mzee alitazama ukutani, akanitazama mimi, akaelewa. Akauteremsha mkuki, akaupangusa kwa pindo la kanzu yake, akauweka magotini. Shangazi akamweleza ulikuwa wa nani, na ni nani anayekaa karibu na mlango kwa sababu yake. Hakuficha kitu, wala hakushusha thamani. "Ni mzuri sana," akasema. "Wewe ndiye mzazi. Taja chenye roho yako inataka."

Niliuma ulimi. Hiyo si ndiyo kumpa mtu kisu akuchinje?

Mzee akacheka taratibu. "Mama, ukishanifanya mkwe, nitataja vipi elfu arobaini? Si nitaonekana nauza mtoto?" Akafikiri kidogo. "Leteni kumi na tano."

"Kumi na mbili," shangazi akasema, "na ndizi zingine zitakuja. Ukwe hauishi leo."

Wakapeana mikono! Nikahesabu pesa upesi kabla mtu hajabadili nia. Mzee akamrudishia shangazi mia tano ya soda njiani, nami, nikijua sistahili kusema, nikamuuliza habari za yule tajiri.

"Atanunua gobore," akasema.

Nilitoka pale nikitamba barabarani kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Desemba ukoo ulikutana kuhusu chemchemi yetu iliyoanza kukauka. Baba aliingia na mkuki mkononi, akapita moja kwa moja hadi mbele. Baba mdogo alifungua mdomo, akauona, akasogeza kiti chake kumpisha. Baba akaanza na chemchemi, akaingia kwenye mipaka ya mashamba, akahamia kwenye bei ya majani chai, akakumbuka na mambo ya kabla sijazaliwa. Chai ilipoa vikombeni. Hakuna aliyemkata kauli. Nilikuwa nalia na kucheka kwa pamoja, sioni haya, wakati shangazi aliponiinamia sikioni.

"Wewe umetuletea shida," akasema. "Sasa huyu atanyamazishwa na nani?"