Namba Yangu Kwenye Fomu Yake

Mimi ni mtu wa mdomo. Walimu wenzangu wanajua, wanafunzi wanajua, hata mama anayeuza ndizi sokoni Nkwenda anajua, maana nikianza naye habari ya bei huishia kunipa tu ili nimwondokee. Nasema haya mapema ili ieleweke kwamba siku ile sikunyamaza kwa upole. Nilinyamaza kwa heshima, na heshima ile inanitafuna mpaka leo.

Nafundisha kidato cha tano na cha sita huku Kyerwa. Kila mwaka matokeo yakitoka, wanafunzi wangu hurudi na bahasha zao za vyeti, tunabanana ofisini mbele ya kompyuta yangu, tunaomba vyuo, tunaomba na mkopo wa serikali. Hakuna aliyenituma. Nilianza baada ya kuona watoto wanajaziwa ovyo kwenye vibanda vya steshenari. Mmoja alichaguliwa kozi ambayo hata kuitamka hakuweza. Nikajiwekea sheria: nenosiri ni la mwanafunzi mwenyewe. Analiandika kwenye daftari lake, mimi nimegeukia dirishani. Nilijisifia sana sheria hiyo, hata kwenye vikao.

Kwenye namba ya simu ndipo tulipokwama. Fomu inataka namba ya kupokelea ujumbe, na wengi wao hawana simu. Nyumbani ipo moja, betri imekufa, inapelekwa dukani kuchajiwa siku ya gulio. Basi nikawa naandika yangu. Msimu ule niliandika namba yangu kwenye fomu za watoto kumi na mmoja, na nikajiona mama yao wote.

Mmoja wao alikuwa binti wa Kibingo. Babu zake walitoka Rwanda zamani, baba alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na mama alikuwa kibarua kwenye kahawa na maharage ya watu. Binti alitaka uuguzi, na si kwa kufuata mkumbo. Mama yake alikuwa na presha, na yeye ndiye aliyekuwa akimpeleka zahanati kwa mguu, akimhesabia vidonge, akimgombeza akila chumvi. Darasani alikuwa hasemi sana. Ukimuuliza swali anatazama kwanza dari, halafu anakujibu sawasawa.

Siku ya fomu ya mkopo mzazi alitakiwa kutia sahihi, kwa hiyo walikuja wawili. Mama alikuwa amevaa kitenge cha Jumapili na viatu vilivyokuwa vikimbana, nikaona anavivua taratibu chini ya meza.

"Shikamoo mwalimu," akaniambia.

"Mama we! Wewe ndiye wa kuamkiwa, usinipe dhambi. Shikamoo."

Akacheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, mambo mengine binti alimfasiria kwa Kinyambo. Alitia dole gumba penye sahihi, akalipangusa kwenye upindo wa kitenge, halafu akaniuliza lile jambo alilokuwa ametoka nalo nyumbani.

"Sasa mwalimu, habari ikija, inakuja wapi?"

"Inakuja kwangu, mama. Kwenye simu yangu hii."

"Na haizimiki?"

"Haizimiki. Ikija tu namfuata, hata kama yuko shambani kwa watu. Nitamwita kwa sauti mpaka mseme huyu mwalimu ana wazimu."

Akanishika mikono yote miwili. "Waitu, asante," akasema, kwa lile neno la heshima la kwao, akavaa viatu vyake wakaondoka.

Ujumbe uliingia Jumanne jioni nikimenya ndizi. Vyuo viwili! Kimoja Mwanza, kimoja Dar es Salaam, vyote uuguzi. Nilipiga vigelegele peke yangu jikoni, mume wangu akaja mbio akidhani nimeungua. Lakini anayechaguliwa vyuo viwili lazima athibitishe kimoja, kwa tarakimu zilizotumwa kwenye simu na nenosiri lake, na mwisho ulikuwa Jumamosi. Asiyethibitisha anapoteza nafasi, na mkopo unafuata nafasi. Tarakimu nilikuwa nazo. Nenosiri lilikuwa kwa binti, kama nilivyotaka mwenyewe. Nikapanga kesho nikitoka darasani nichukue pikipiki mpaka Kibingo.

Asubuhi, kabla sijafika shuleni, nikapigiwa simu kwamba mama yake amefariki. Presha ilimpanda usiku, akafa njiani wakimbeba kwenda zahanati. Nilikaa chini pale pale kando ya barabara na nguo zangu za kazi, nikalia. Yule mama aliyevua viatu chini ya meza yangu!

Mimi kwetu ni Muleba, na kwetu na huku ni kitu kimoja. Msiba ukiingia, kijiji kizima hakuna anayeshika jembe mpaka mazishi yapite. Na aliyefiwa anakaa chini, kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni, na hasemeshwi mambo ya dunia mpaka matanga yaanuliwe. Hazungumziwi mavuno, hazungumziwi biashara. Anayefanya hivyo watu wanamkumbuka miaka mingi, na si kwa wema. Matanga yalikuwa yaanuliwe Jumapili asubuhi.

Alhamisi tukamzika kibanjani, kwenye migomba nyuma ya nyumba, karibu na kaburi la mumewe. Ijumaa nikarudi na maharage na sukari, nikakaa, nikaondoka. Jumamosi nikaenda na simu imejaa chaji. Nilikaa hatua tatu kutoka kwa yule binti. Alikuwa amejifunga kanga ya mama yake kichwani na mdogo wake wa kike amelala mapajani pake. Simu ilikuwa kwenye mkoba, mkoba kwenye magoti yangu, mtandao unakamata vizuri. Kazi ya dakika tano. Ningemnong'oneza tu, "Mwanangu, umepata. Mwanza au Dar?"

Nikainuka nikamfuata shangazi yake aliyekuwa akipakua chakula nje. Nikamweleza kwa kuzungukazunguka, kwamba kuna habari ya chuo, kwamba ina haraka kidogo. Kidogo! Hivyo ndivyo nilivyosema, mimi mwenye mdomo.

"Mwalimu," akaniambia, bila ubaya, "mtoto yuko chini. Kesho matanga yanaanuliwa. Chuo kitakimbia usiku huu?"

Ningejibu kwamba ndiyo, kitakimbia usiku huu huu. Lakini wanawake walikuwa wamegeuka kunitazama, nikajiona mimi mtu wa kuja, mtumishi na mkoba wake, nataka kumwinua yatima kwenye nyasi kwa ajili ya simu. Nikasema, "Basi, kesho." Halafu nikajifariji kwa uongo uliokuwa mtamu: kila mwaka huwa wanaongeza siku. Kweli, miaka ya nyuma nilikuwa nimeona wakiongeza. Niliporudi ndani, binti aliinua macho akanitazama kwa muda mrefu. Nikainamisha uso nikajifanya naomba.

Hawakuongeza.

Jumapili, baada ya sala ya kuanua matanga, nilimwita tukakaa kwenye benchi nyuma ya jiko. Nikampa simu, akaandika nenosiri lake. Dirisha la kuthibitisha lilikuwa limefungwa tangu saa sita ya usiku. Alisoma mara mbili, akatazama juu kama alivyozoea darasani, ila hapa hapakuwa na dari.

"Ulikuja nayo jana?" akaniuliza.

"Nilikuja nayo."

"Nilikutazama, mwalimu."

"Najua. Nilisema nisubiri, mwanangu. Niliona vibaya kukuinua."

"Ningeinuka," akasema. "Mama mwenyewe angenifukuza pale chini."

Hakupiga kelele. Afadhali angenitukana. Alinirudishia simu kwa mikono miwili, kama mtoto aliyelelewa vizuri, akaenda kuosha masufuria ya msiba.

Nilihangaika, Mungu anajua. Nilipiga simu kila mahali, nikasafiri mpaka Bukoba, nikalia mbele ya watu nisiowajua. Waliniambia kwa adabu kwamba utaratibu ni utaratibu. Dirisha la pili la maombi lilipofunguliwa, nafasi za uuguzi zilikuwa zimejaa vyuo vyote viwili. Alipata kozi nyingine, mkopo haukutoka, na wa kulipa hakuwepo. Wenzake kumi waliondoka na masanduku yao ya bati, baadhi nikiwasindikiza mwenyewe stendi. Yeye alibaki na mdogo wake, akaingia vibarua kwenye mashamba yale yale ya mama yake. Mwaka uliofuata nilimfuata tuombe tena. Akasema mdogo yuko sekondari, nani atabaki naye? Tukikutana gulioni ananiamkia, namwitikia, na mdomo wangu wote huo unaishia kwenye marahaba.

Watu waliniambia si kosa langu, ni mila. Sitaki. Mila haikumwahidi yule mama kitu. Niliyemwahidi ni mimi, huku nikicheka, na alikufa akijua kuna mwalimu atakayemwita mtoto wake kwa sauti.

Mwaka huu matokeo yalipotoka, mlango wa ofisi yangu uligongwa. Alikuwa yeye, amekonda, mikono imekuwa ya mtu wa jembe, na nyuma yake mdogo wake na bahasha ya vyeti. Yule mdogo naye anataka uuguzi. Nilishindwa kuwakaribisha, nikawa napanga makaratasi ambayo tayari yalikuwa yamepangwa.

Tukajaza. Jina, shule, namba ya mtihani. Tukafika penye namba ya simu, vidole vyangu vikaanza kuandika yangu kwa mazoea.

"Mwalimu, samahani," dada akasema. Akatoa mfukoni kisimu kidogo kilichofungwa kwa mpira, akakiweka juu ya meza. "Andika yangu."

Nikafuta, nikamsubiri anitajie. Alinitajia taratibu, mbili mbili, akiangalia kioo cha kompyuta nisikosee. Nilipomaliza, akakirudisha kisimu mfukoni, akasema kwa sauti ile ile ya upole ya siku zote:

"Mimi hata nikiwa msibani, nitamwambia."