Mlango Uliomkatalia Aili

Baridi ya mwaka ule kule migodini Minnesota ilikuwa kali hata mbwa akibweka leo, sauti yake mnaisikia kesho jua likitoka. Asiyeamini akaulize huko huko. Na katika baridi hiyo Aili Koskela, mpishi wa shule, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya marehemu mumewe, akigombana na mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa mistari tu kwenye kioo. Mgodi wa chuma ulipomwachisha mumewe, Reino, kazi, alinunua kompyuta, akashuka nayo chumba cha chini ya nyumba, akaanza kutunga mchezo. Mchezo gani huo! Hakuna kuruka wala kupiga risasi. Unasoma maneno, picha inajichora mstari baada ya mstari, polepole kama konokono aliyeshiba, kisha unaandika maneno mawili. CHUKUA KOLEO. FUNGUA KABATI. Ukikosea, mashine inakujibu: SIELEWI. Na nyumba aliyoichora Reino ilikuwa yao wenyewe, mpaka birika lililovunjika mdomo.

"Njoo ucheze, bibi wee," alikuwa akimwita kila akimaliza chumba.

"Nyumba ninayoifagia kutwa, nikaitembelee tena kwenye kioo? Niache!"

Reino alikuwa akicheka. "Chumba cha mwisho ni kile kibanda chetu cha kuogea mvuke. Nitakungoja humo. Nina neno langu nawe."

Vuli ilipofika moyo ukamsimama akipasua kuni, na neno lake akaondoka nalo.

Sasa kompyuta ilikwisha kuahidiwa mnada wa kanisa, na Helmi, dada yake Reino, alikuwa njiani kuichukua. Aili alishapita vyumba vyote, kimebaki kibanda. FUNGUA MLANGO. Haufunguki. GONGA MLANGO. Kimya. VUNJA MLANGO.

MLANGO HUU NIMEUPIGILIA MISUMARI MWENYEWE. JARIBU UONE.

Aili akacheka. Akaandika: OMBA RADHI.

SIELEWI.

Ngazi zikalia. Helmi huyo, anateremka kapakazwa theluji kama andazi kwenye sukari.

"Wifi! Bado unalibembeleza dude hilo? Kaka yangu hakukuchosha vya kutosha akiwa hai?"

"Helmi, vua buti! Utanilowanishia sakafu!"

Aili akabaki mdomo wazi. Kwa watu wa huko huingii ndani ya nyumba na viatu, hata uwe askofu. Reino ndiye aliyekuwa akisahau, ndoa nzima, na ndoa nzima akipigiwa kelele hiyo hiyo.

"Nimevua, nimevua!" Helmi alisema, akirukaruka kwa mguu mmoja. "Mbona unanitolea macho?"

Aili akaigeukia kompyuta. Aliandika: VUA BUTI.

HATIMAYE NIMEKUMBUKA KUZIVUA MWENYEWE, ikasema mashine. INGIA, AILI.

Picha ikaanza kujichora. Jiko la mawe. Ndoo na kata yake. Benchi. Juu ya benchi mtu, kaonyesha mgongo, bega moja limeshuka kuliko jingine, vile vile alivyokuwa. Ubavuni mwake pako wazi.

NIMEKUWEKEA NAFASI.

KAA BENCHI, aliandika Aili.

SIELEWI.

KETI BENCHI. SIELEWI. MGUSE REINO. SIELEWI. Akaandika jina lake mwenyewe, akaandika la mumewe, akaandika mambo ambayo mke huyasema na mume gizani. Jibu lilikuwa moja.

Helmi alikuwa amesimama nyuma yake kwa soksi, akisoma.

"Hakumaliza," alisema, na kejeli zote zilikuwa zimemtoka. "Wifi yangu, hakuwahi kuifundisha mashine maneno ya hapo."

"Naona."

Kisha Helmi akanyoosha mkono taratibu kwenye swichi, maana watu wa kanisa walikuwa wakingoja.

"Usizime," Aili alimwambia. "Yumo ndani."

Helmi akaurudisha mkono. Akavuta kiti, akaketi.

Mwaka ule mnada wa kanisa uliuza mikate ya iliki na soksi za sufu. Kompyuta haikufika.