Mlinzi wa Upande wa Kushoto

Wanafunzi walimbandika jina la Mzee Sitini, naye hakulikataa. Kwa miaka kumi na tisa amefundisha utengenezaji wa michezo ya kompyuta chuoni, na kila darasa la kwanza hulianza kwa amri ileile: picha sitini kwa sekunde, ikipungua hata moja usiniletee. Amri ya pili: kitu ambacho kamera haikioni, kompyuta isikichore. Kuchora kisichoonekana ni kuichosha mashine bure.

Mtu mkali hivyo, lakini kliniki ya macho alikuwa akiikimbia mwaka wa tatu sasa. Baba yake alipofuka kwa presha ya macho akiwa na miaka hamsini na moja, umri uleule aliofikia yeye, na mama alishachoka kumkumbusha. "Nikimaliza mitihani," ndilo lilikuwa jibu lake. Mwezi uliopita alijigonga mlangoni akamlaumu fundi, akakanyaga ndoo akamgombeza mfagiaji.

Wiki ya kusahihisha kazi za mwisho, wanafunzi wawili walikula sifuri kwa kosa moja: vitu vyao vilitoweka kabla ya kutoka kwenye skrini. Alhamisi asubuhi akapanda wa tatu hadi ofisini kwake ghorofani, binti mpole aliyeongoza darasa tangu mwaka wa kwanza. Mchezo wake ulikuwa wa ghala lenye walinzi.

"Huyu mlinzi wa kushoto umemfuta mapema," Mzee Sitini alisema, kalamu mkononi. "Mwaka huu mmeambukizana uzembe?"

"Yupo, Mwalimu."

"Yuko wapi?"

Binti akamwonyesha kwa kidole. Mwalimu akageuza shingo, na mlinzi alikuwa pale pale, tochi mkononi. Akarudisha macho katikati, mlinzi akatoweka. Akarudia mara tatu, akiomba kimoyomoyo liwe kosa la programu.

"Mlete katikati polepole," alisema hatimaye. "Nitakwambia nikimwona."

Akakazia macho nukta moja katikati ya skrini. Kitufe kikaanza kulia, tik, tik.

"Tayari, Mwalimu?"

"Bado."

Tik, tik, tik.

"Sasa je?"

"Bado, mwanangu. Endelea."

Kitufe kilinyamaza. "Mwalimu," binti alisema kwa sauti ya chini, "ameshapita nusu ya njia."

Mwalimu aliogopa, wala hakuificha hofu yake. Alizifuta zile sifuri mbili za watu, kisha akampigia mama yake akamweleza yote.

"Tatizo limeanza kushoto?" mama akauliza.

"Ndiyo, mama."

"La baba yako pia lilianza hukohuko."

Akasikia kiti kikisogezwa, funguo zikichukuliwa mezani.

"Gari usiliguse," mama alisema. "Na hizo ngazi usishuke peke yako. Nisubiri hapo juu, nakuja kukushika mkono."