Keremkerem Mgongoni mwa Mbuzi

Harufu ya mbuzi aliyenyeshewa haifanani na manukato yoyote, na mimi niliishi ndani yake msimu mzima nikiwa darasa la sita, mwaka ambao mvua iliikumbuka Garissa ghafla, majani yakaota hadi nyuma ya vyoo vya shule. Panzi wakajaa. Kwa ajili ya panzi wakaja keremkerem, ndege wekundu kama makaa yanayopulizwa, na waungwana hawa hawakutaka kuchoka bure: walipanda migongoni mwa mbuzi wa ayeeyo, bibi yangu, wakangoja kwato ziwatimue panzi, wakadaka, wakarudi kukaa.

Mwalimu wetu wa sayansi, mtu wa bara aliyeletwa kutufundisha na jua letu likamfundisha yeye kwanza, alikuwa na kamera. Alianzisha chama cha ndege, akatugawia picha mbili mbili tu, maana filamu ilipanda basi hadi Nairobi kusafishwa na kurudi baada ya wiki tatu. Picha yangu ya kwanza ilionyesha uwanja mzima wa majani na, katikati kabisa, kitone chekundu. Nilikuwa nimesimama wima nikielekeza kamera chini, kama mtu anayechungulia kisima.

"Umepiga picha safi ya chunusi," Mwalimu akasema.

Darasa likanibatiza Chunusi papo hapo. Ikabaki picha moja. Ningeiharibu, ningezikwa na jina hilo.

Siku nne nilivizia. Nilinyata, nikajifunga matawi, nikafanana na kichaka chenye kiatu. Ndege wakaruka kila mara. Ayeeyo alinitazama mpaka akachoka, akaniambia kwa Kisomali kwamba anayenyata karibu na mifugo ni fisi au mwizi, na hata ndege wanalijua hilo. Mwenye mali hutembea polepole katikati ya wanyama wake akiwaimbia. Basi nikaingia kati ya mbuzi nikiimba wimbo wa kuwanywesha maji, vibaya sana, nikalala kifudifudi. Mbuzi mmoja akaanza kutafuna kola ya shati langu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: methali hiyo tuliiandika mara hamsini kama adhabu, na sikumwona hata mmoja wetu akiinama.

Keremkerem akatua mgongoni mwa mbuzi aliyekuwa mbele yangu. Kutoka pale chini hakuwa kitone. Alisimama juu ya dunia, mbingu yote nyuma yake, mguu wa panzi ukining'inia mdomoni, na jicho lake ndani ya utepe mweusi likaniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyekuja kuonekana. Nilikosa mzaha, jambo ambalo kwangu ni ugonjwa. Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Nikamweka pembeni mwa kioo cha kamera, nikaacha nafasi mbele ya mdomo wake ili awe na pa kwenda, nikabana pumzi, nikabonyeza.

Picha iliporudi, sikio la mbuzi lilikuwa limefunika ncha ya mkia. Mwalimu aliishika muda mrefu.

"Ulisimama wapi, Bishar?"

"Sikusimama, Mwalimu."

Akaibandika ukutani kwa mkono wake.

Sasa niko kidato cha tatu, nina ndevu nne, Mwalimu amehamishwa, na wenzangu wanataka picha wakiwa wameegemea lori la mtu mwingine. Mvua imepungua, keremkerem huja wachache. Lakini nikiwa peke yangu malishoni, hujilaza pale chini bila kamera, suruali ya shule na yote, nikishangaa jinsi ambavyo mbuzi, kila siku ya Mungu, wamekuwa wakiitazama dunia kubwa hivi bila kumwambia mtu.