Tundu Nililoziba

Gari langu la rimoti ni mtumba wa Kariakoo, refu kama mkono, lenye injini ya petroli ya kweli. Mke wangu alilikubali kwa sharti moja: lisinuke sebuleni. Nikalichunguza tangi, nikakuta juu yake kimrija kifupi kilichokuwa kikivuja kila gari likilala ubavu. Nikakiziba kwa gundi ya chuma. Harufu ikaisha, nami nikajiona fundi.

Fundi hasa alikuwa rafiki yangu wa mtaa wa Gerezani, Mnyamwezi aliyetengeneza pikipiki mpaka mgongo ukamgomea. Yeye ndiye aliyenichanganyia petroli na oili. Mimi ni Mzaramo, kwa hiyo sisi ni watani: tangu ujanani ananiita mvivu apendaye ngoma, nami namwita mpagazi, kwa mababu zake waliobeba mizigo ya misafara vichwani.

Jumamosi moja tukalipeleka uwanjani, Ilala. Likakimbia dakika moja, likakohoa, likazima. Nikafungua mfuniko wa tangi kunusa petroli, nikafunga, likawaka. Dakika nyingine, likazima tena. Mara nne hivyohivyo. Jioni kwenye kahawa, mbele ya wazee wenzetu, nikasema, "Huyu mpagazi kanichakachulia petroli."

Mtani unaweza kumwambia kamla paka wa jirani, akacheka. Fundi aliyeishi kwa uaminifu wake humwambii anachakachua.

Rafiki yangu akaweka kikombe chini. "Hapo umetoka kwenye utani," akasema, akaondoka.

Wiki tatu kahawa haikuwa na ladha. Niliwaza mpaka msiba wangu: nikifa, mtani gani atalala njiani jeneza lisipite, watu wacheke kidogo?

Kisha mke wangu akanituma Kariakoo kununua mafuta ya kula. Muuzaji akainamisha dumu jipya. Mafuta yakatoka yakikoroma, yakakatika. Akachukua msumari, akatoboa karibu na mpini, yakaanza kushuka kama uzi.

"Mbona unaliharibu?" nikamuuliza.

"Mzee wangu, hewa isipoingia, mafuta yatatokaje?"

Nilisimama pale nimeduwaa mpaka mwenye mkokoteni akanifokea nipishe. Petroli ya rafiki yangu ilikuwa safi. Kila nilipofungua mfuniko kuinusa ndipo tangi lilipopata hewa, na ndiyo maana gari liliwaka.

Jioni hiyohiyo nikaenda kwenye kahawa na gari langu. Nilichokisema pale sikuweza kukifuta. Niliweza tu kusema kingine mbele ya masikio yaleyale.

"Petroli ilikuwa nzuri," nikasema. "Tundu la hewa nililiziba mimi, kwa mkono wangu. Nisamehe."

Akalipindua gari, akaiona gundi.

"Yaani umemkaba mtu shingo," akasema, "halafu unamlaumu aliyempikia?"

Benchi likapasuka kwa kicheko. Akaibandua gundi kwa kisu, akachomeka mpira mwembamba kwenye kimrija, akauzungusha mpaka juu ya paa la gari ili petroli isivuje.

"Sasa twende uwanjani," akasema. "Ila leo Mzaramo ndiye mpagazi. Kichwani!"

Nikalibeba kichwani mtaa mzima, naye nyuma akiniimbia wimbo wa wapagazi. Gari likazunguka uwanja bila kukohoa hata mara moja. Najua kwa kutazama tu, maana rimoti alikataa kunipa.